Kasuku wa Bibi Darasani

Mwezi uliopita niliitwa Mocímboa, huku kwetu kaskazini ya Msumbiji, kushona mapazia ya nyumba ya wageni. Tangu gesi ionekane chini ya bahari huko juu, upande wa Palma, kila mwenye vyumba vitatu amepaka ukuta rangi na kuandika Pensão juu ya mlango. Nilikuwa barazani na futi yangu, napima dirisha la nne, nikasikia mwanamume aliyechoka akisema kwa Kireno: "Não há vaga. Volta amanhã." Hakuna nafasi, rudi kesho. Niligeuka nimwone nani anayenifukuza kabla sijamaliza kazi. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na tundu, na ndani yake kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu.

Wageni wa gesi waliokuwa wakinywa chai walicheka. Mhudumu akanieleza kwamba hiyo ni sauti ya mlinzi wa geti la kambi ya gesi, jirani na pale. Vijana wetu huja kuomba kazi tangu alfajiri na vyeti vyao ndani ya plastiki, naye mlinzi hurudia neno hilo hilo mpaka jua linapozama. Kasuku alilishika ndani ya wiki tatu. Mwenye nyumba, kwa upande wake, alikuwa amehangaika tangu Ramadhani kumfundisha kusema "Bem-vindo" ili awakaribishe wageni, na ndege hajatoa hata herufi moja.

Mimi sikucheka. Niliandika kipimo cha dirisha vibaya, jambo ambalo halijanitokea miaka mingi, ikabidi nipime upya.

Ndege yule hakukosea, rafiki yangu. Kasuku hasemi unachotaka aseme. Husema kile kinachosemwa mahali pale kwa moyo, iwe moyo wa furaha au wa uchungu. Hilo nililisoma baadaye katika kitabu cha Kireno cha mambo ya ndege nilichokinunua kwa muuza mitumba Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, lakini kitabu kilinikuta ninajua. Nilijua tangu nina miaka tisa.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa siku moja kwa miguu kaskazini ya Mocímboa. Nyumba ya bibi ilikuwa ya miti na udongo, iliyoezekwa makuti, na uani kulikuwa na kinu, kisima cha kuvuta kwa kamba, na jiko la mafiga matatu. Nilikuwa na kazi zangu, na nilizijua kwa zamu: asubuhi maji, kisha kutwanga makopa ya muhogo, kisha kukuna nazi. Maji yakitoka, bahari ikiacha mchanga, tulikwenda kuokota kombe. Mpaka leo nikisikia harufu ya nazi inayochemka na kisamvu, tumbo langu linakuwa la mtoto.

Katika ua huo aliishi kasuku. Hakuwa wale wa kwetu wa kijani, wenye vichwa vya rangi ya udongo, wanaopiga kelele juu ya minazi na kuiba mtama. Wale ukiwafuga wanajifunza mluzi mmoja au miwili, basi. Huyu alikuwa wa kijivu, ametoka mbali. Alimleta mjomba wangu, mtoto pekee wa kiume wa bibi, aliyekuwa mchuuzi wa sabuni na vitenge kati ya kwetu na Mtwara. Alimpata kwa mtu wa Kigoma angali mchanga, macho yake bado meusi; macho ya aina hiyo hugeuka manjano ndege anapokua.

Mwaka mmoja haukupita, akawa anaiga kila kitu. Mbuzi ya nazi: kwaru, kwaru, kwaru. Kamba ya kisima. Jirani akipiga chafya. Huyo jirani, mwanamke mwenye rai juu ya kila jambo, alishika kwamba kasuku hasemi mpaka apewe pilipili kichaa, maana pilipili hulainisha ulimi. Alimletea kila Ijumaa, na kila neno jipya alilihesabu kuwa kazi ya pilipili zake. Nilikuja kusoma kwamba sauti ya ndege haitoki kooni kama yetu. Hutoka chini kabisa kifuani, pale bomba la pumzi linapogawanyika mara mbili, na ulimi kazi yake ni kuitengeneza tu. Kasuku wetu alizila pilipili zile kwa kuwa ndege hawasikii ukali wake.

Lakini neno lake kubwa lilikuwa la mjomba. Mjomba alikuwa na desturi: akirudi safari, kabla hajatua mzigo, alikohoa mara moja, kikohozi kifupi cha kujitambulisha, kisha akaita kutoka mlangoni, "Mama, umepika nini?" Neno la mwisho alilivuta. Bibi naye alijibu kutoka jikoni, akitaja chakula chote, hata chumvi. Kasuku aliyashika yote, kikohozi, swali na ule mvuto wa mwishoni, kwa sauti ya mjomba mwenyewe. Ukiwa umekaa nyuma ya nyumba huwezi kujua ni yupi.

Mjomba alifia Mtwara kwa homa. Vita vya kudai uhuru vilikuwa bado vinaendelea, mto Ruvuma wa mpakani ulijaa askari, na bibi hakuweza kwenda kuliona kaburi. Barua ililetwa, ikasomwa, watu wakakaa matanga. Siku ya tatu, wanawake wako uani wamenyamaza, tukasikia kikohozi. Kisha: "Mama, umepika nini?"

Kilio kilichopanda siwezi kukieleza. Mmoja akasema ndege yule achinjwe, ni balaa. Bibi akainuka kwenye jamvi, akasogea kwenye tundu, akalishika kwa mikono miwili.

"Ugali wa makopa, mwanangu," akasema, "na kunde za nazi."

Tangu siku hiyo alimjibu kila siku, miaka yote. Hakuwa mwehu, alijua mwanawe amekufa na alimswalia. Lakini picha hatukuwa nayo, kaburi hatukulijua, na sauti ile ilikuwapo. Ilikuwa ndiyo mali yake.

Sasa sikiliza jinsi ilivyotutoka.

Uhuru ulikuja, shule ikafunguliwa upya, na mwalimu tuliyepewa alikuwa mtu wa kusini aliyefundisha tangu enzi za Wareno. Kiswahili hakukijua wala hakutaka kukijua. Mimi nilikuwa hodari wa Kireno kuliko wenzangu, na nilikuwa na kinywa. Nikamsimulia habari za kasuku wetu. Alasiri moja akaja nyumbani kumwona.

Bibi alimtandikia mkeka mpya, akamletea dafu. Kasuku akapiga chafya ya jirani, mwalimu akacheka sana, akasema ni ndege mzuri, hajapata kuona mfano wake. Nikamtafsiria bibi. Na bibi akasema kile ambacho mtu yeyote mwenye adabu wa pwani yetu angesema mgeni anaposifu kitu chake:

"Ni wako huyo, mwalimu."

Wewe uliyekulia kwetu unajua kinachofuata. Mgeni huweka mkono kifuani na kusema, ahsante, akikaa kwako ndiko kwangu. Kitu kinabaki, heshima imetoka pande zote mbili, watu wanaendelea na dafu. Hakuna aliyewahi kuondoka na sufuria ya mtu kwa sababu aliisifu.

Mimi nikatafsiri. Neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, nikijivuna kwa usahihi wangu: "É seu, camarada professor." Sikumweleza kinachofuata, kwa kuwa sikujua kwamba kuna mtu duniani asiyekijua.

Akasimama, akashukuru, akalitungua tundu.

Namwona bibi mpaka sasa. Mkono wake ulishika pindo la kanga, haukusogea. Kisha akaingia ndani, akatoka na kifuko cha mtama, akampa, chakula cha ndege. Akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi uani, jirani yetu alimvamia hapo hapo.

"Wewe bibi wewe! Umemwacha aende naye?"

"Nimesema ni wake."

"Si tunasema wote!"

"Nimrudie mgeni njiani nimwambie nilikuwa natania? Neno limeshatoka, dada. Acha."

Nimekuwa mtu mzima, nimefiwa, nimedhulumiwa mara kadhaa, lakini hasira niliyo nayo juu ya lile "acha" haijapoa. Na mwaka huu imepata kuni mpya. Nilikwenda kijijini, kukawa na mkutano wa watu wa gesi na wazee. Mgeni mmoja akasifu ufukwe wetu, akasema ni mzuri ajabu. Mzee wetu mmoja, kwa adabu zote, akamjibu kwamba hapa ni kwenu, karibuni. Na kijana mwenye kizibao cha manjano akatafsiri. Alitafsiri vizuri kabisa. Nilisimama upande wa wanawake, nikaeleza mbele ya wote kwamba maneno yale ni karibisho, si hati. Kijana akanitazama, akamtazama mkubwa wake, akaliacha neno langu bila kulitafsiri. Mwanamume wa nyuma yangu akasema chini chini, fundi cherehani naye. Basi.

Nirudi darasani.

Mwalimu alilitundika tundu dirishani, karibu na ubao. Mpango wake ulikuwa huu: mwisho wa muhula angekuja inspekta wa elimu kutoka mkoani, na kasuku angempokea kwa "Bom dia, camarada inspector," habari za asubuhi, ndugu inspekta. Kila asubuhi wanafunzi arobaini tuliimba maneno hayo mara kumi. Ndege alisaga mdomo, akala mtama, akatutazama kwa jicho moja. Wenzangu walinitania kwamba kasuku wetu ameingia darasa la pili bila kupita la kwanza, na kwamba akifaulu mtihani nitabaki nyuma peke yangu.

Leo ninajua kwa nini hakujifunza. Porini kasuku huishi kwa kundi, na kila kundi lina milio yake. Kinda hujifunza milio hiyo ili watu wake wamtambue na wamwitikie. Akiwa kwenye tundu, kundi lake ni sisi, na anachosikiliza ni wito na jibu. Huyu anaita kwa hisia, yule anaitikia, hapo ndege anatega sikio. Watoto arobaini wanaoimba kwa uchovu, hakuna anayewajibu, kwake ni kama mvua juu ya makuti.

Kila siku nikirudi shule, bibi aliniuliza neno moja tu.

"Kasema?"

Wiki za kwanza nilimwambia, amesema, na ilikuwa kweli. Kisha zikapita siku mbili, tatu, bila kusema. Bibi akaniita jikoni.

"Hakuna wa kumjibu huko, ndiyo maana. Mjukuu wangu, usimwache asahau. Msemeshe wewe."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Wenzangu wakitoka kucheza, nilibaki, nikapeleka mdomo kwenye tundu, nikakohoa, nikasema, "Mama, umepika nini?" Kisha nikajijibu: ugali wa makopa, kunde. Lakini darasani Kiswahili kilikatazwa, na mwalimu alikuwa na masikio. Serikali mpya ilikuwa imepiga marufuku palmatória, lile bao la mbao lenye mpini la kuchapia viganja. Yeye alilihifadhi kwenye droo ya meza, limefungwa gazeti. Alinikamata mara ya kwanza akanipiga sita kila mkono. Nililia, "Bibi wee, nakufa!" Naye akafoka, "Silêncio!" Kimya!

Nilikamatwa mara kumi na moja. Nilizihesabu kwa mikwaruzo kwenye mguu wa dawati. Nyumbani nilisema nimeungua na chungu, nikapaka majivu, nikatwanga kwa vidole vilivyokunjwa. Sikuacha kumsemesha ndege. Nilidhani nikivumilia vya kutosha, sauti itabaki.

Siku ya inspekta tulivaa safi. Alikuwa mwanamume kijana, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Mwalimu akamwongoza mpaka kwenye tundu, akapiga vidole, akasema, "Bom dia?" Ndege akainua kichwa.

Kikatoka kishindo cha bao juu ya kiganja. Pa! Kikafuata kilio: "Bibi wee, nakufa!" Sauti yangu, kamili, na kwikwi zake za kamasi. Kisha sauti ya mwalimu: "Silêncio!" Halafu tena, kwa mpangilio uleule, kishindo, kilio, amri. Wito na jibu. Alikuwa amejifunza kile pekee kilichosemwa kwa moyo ndani ya chumba kile.

Hakuna mtoto aliyecheka. Inspekta aliuliza ni sauti ya nani. Macho yote yakaja kwangu. Akaniambia nifunue viganja, akavitazama kwa muda, akaandika kitu. Nilingoja jambo kubwa litokee. Jambo lililotokea ni hili: kesho yake mwalimu alileta tundu nyumbani, akasema ndege hafai shuleni. Aliyefukuzwa alikuwa kasuku.

Bibi alipokea tundu kwa mikono miwili, akalitundika mahali pake. Akakaa kwenye mbuzi, akaanza kukuna nazi, akingojea. Ndege akajinyoosha mbawa. Pa! "Bibi wee, nakufa!" "Silêncio!"

Kukuna kukasimama. Bibi akaniita, akanishika mikono, akaifungua vidole kimoja kimoja.

"Kumbe haikuwa chungu."

"Haikuwa chungu, bibi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia nimsemeshe."

Alinipaka mafuta ya nazi, na usiku ule hakula. Lakini asubuhi hakwenda shuleni kulalamika. Hakwenda kwa mwenyekiti. Hakufungua mlango wa mtu yeyote. Mwalimu ni mgeni wetu, watu walisema, na mwenye kusubiri hapungukiwi. Nami niseme wazi hapa: tulipungukiwa.

Maana neno la mjomba halikurudi. Tulingoja mwezi, tukangoja wa pili. Kitabu changu kinasema kasuku hapotezi kabisa alichojifunza. Huenda lilikuwa bado kifuani mwake, akakosa sababu ya kulitoa. Bibi akaamua kumkumbusha. Kila alasiri alikaa mbele ya tundu, akakohoa kama mwanawe, akauliza kama mwanawe, akavuta neno la mwisho. Kisha akajijibu. Alikuwa na subira kuliko mwalimu yeyote niliyepata kumwona.

Ilichukua miezi mitano. Nilikuwa nachambua mchele. Kikohozi kikatoka, kifupi. Bibi akaacha mwiko ndani ya chungu, akageuka.

"Mama, umepika nini?"

Ilikuwa sauti ya bibi. Nyembamba, yenye mkwaruzo wa uzee, na ule mvuto wa mwisho aliokuwa akiuigiza. Ndege alikuwa amemwiga aliyemfundisha, kama ndege wote wanavyofanya. Bibi alisimama, moshi wa jiko ukimpita usoni. Kasuku akauliza tena.

"Huyo ni mimi," bibi akasema. Hakujibu kuhusu chakula. Hakujibu tena maisha yake yote.

Mwisho wa mwaka mwalimu alihamishwa wilaya nyingine. Kijiji kikamfanyia shukrani, kila nyumba ikatoa chake. Bibi alinifungia mafungu mawili ya samaki wakavu na kunituma. "Mwambie bibi anakushukuru kwa kumlea mtoto wetu." Nilikwenda. Nilimkuta anafunga sanduku. Nilishusha macho, nikatoa samaki, nikayasema yote kwa Kireno safi, bila kukosea hata neno. Akanipapasa kichwani. Naweza kumsamehe bao lake, na huenda nimeshamsamehe. Siwezi kujisamehe sentensi ile, na siwasamehe walionifundisha kuisema.

Bibi alitangulia, ndege akafuata miaka michache baadaye. Ua haupo tena. Pale palipokuwa na jiko pana kigingi cha watu wa gesi chenye rangi nyekundu, na minazi imeandikwa namba. Kasuku wa kijani bado wanakuja kupiga kelele juu yake, kwa sasa.

Nina miaka arobaini na mitano. Ninakumbuka maneno ya mjomba, ninakumbuka kikohozi kilikaa wapi, ninakumbuka neno gani lilivutwa na kwa kiasi gani. Mara nyingine nikiwa peke yangu na cherehani, nasimamisha gurudumu kwa kiganja na kujaribu kuisikia sauti yenyewe. Kila nikijaribu, inakuja ya bibi.